Simba hanyonyi damu: kisu chake kiko shavuni

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tano huku Kisauni. Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi Tsavo Mashariki, tukamkuta simba jike amemkaba pundamilia kooni. Tulitazama dakika nyingi. Hakurarua, hakutafuna, alilala tu na meno yake shingoni mwa mwenzake. Dereva wa basi akawaambia watoto kuwa anamnyonya damu, na kwamba yale meno marefu yana tundu ndani. Nyumbani baba mkwe naye akaongeza kuwa wale simba waliokula watu Tsavo zamani walikuwa na jino bovu. Sasa watoto wananiuliza kila siku. Meno ya simba yanafanya kazi gani hasa? Na je, hapa Mombasa kuna mahali pa kuwaonyesha meno ya wanyama bila kukodi basi tena?*

Marahaba, mwalimu, na hongera kwa kuwafikisha watoto wote Tsavo na kuwarudisha wakiwa hesabu ileile.

Nianze na la dereva, kwa sababu hilo ndilo litakalokaa vichwani mwa watoto miaka na mikaka. Simba hanyonyi damu. Jino lake refu, ambalo Kiswahili kimelipa jina lake zuri, chonge, halina tundu kwenye ncha. Ndani lina uwazi mwembamba wenye mishipa ya damu na ya fahamu, sawa na jino lako wewe, na uwazi huo umezibwa na ganda gumu. Wenye meno ya tundu ni nyoka kama swila na kifutu, na tundu lao ni la kutolea sumu, halivuti kitu. Tena simba aliyeachama hadi taya zikazunguka shingo ya pundamilia hawezi kunyonya hata akitaka, maana midomo yake haigusani. Damu inayomwagika huiramba kwa ulimi kama paka anavyoramba maziwa, basi.

Dereva simlaumu. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na kwa macho matupu yanaelekea kuwa ya kweli: mdomo uko shingoni, hakuna kinachosogea, na mwisho aliyekabwa analegea kama aliyekaushwa. Lakini kinachomwishia ni pumzi. Chini ya ngozi ya koo pana bomba la hewa lenye vipete vya gegedu vinavyolizuia lisijikunje. Simba hulibana bomba hilo mpaka lizibe. Kwa mnyama mwenye shingo nene kama nyati, mara nyingine huliacha koo akaufunika mdomo na pua kwa pamoja, na matokeo ni yaleyale. Kazi huchukua dakika kadhaa, na mnyama akiwa mkubwa zinaweza kupita kumi. Muda wote huo hana haja ya kurarua. Teke moja la pundamilia linaweza kumvunja taya, na simba asiye na taya atakufa njaa. Kwa hiyo hubana, hutulia, hungoja. Watoto wako waliona jambo ambalo watalii wengi hulipa pesa nyingi wasilione.

Basi waambie watoto kwamba chonge ni mkono. Sisi tuna vidole vya kushikia. Simba ana makucha ya kuangushia, lakini kitu kikishaanguka, cha kukishikilia kisitoroke ni yale meno manne, mawili juu na mawili chini. Na kama mkono, yanajua kushika kwa nguvu na kushika kwa upole. Simba jike yuleyule aliyemkaba pundamilia hurudi kichakani, akambeba mtoto wake kwa meno hayohayo bila kumtoboa.

Tazama umbo lake. Chonge la jamii ya paka, ukilikata katikati, linaelekea duara, wakati la mbwa limebanwa pande mbili kama upanga. Tofauti hiyo ina sababu. Mbwa mwitu huuma, huachia, huuma tena, akiwa katika mbio. Simba na chui huuma mara moja na kubaki hapo, na windo linajipinda huku na huku; jino la duara linastahimili kupindwa kutoka kila upande. Nyuma ya chonge kuna kapengo kadogo kabla ya meno mengine kuanza, ili jino lizame lote bila kuzuiwa na jirani. Na shina lake limezungukwa na mishipa ya fahamu inayohisi mgandamizo, hivyo mnyama anajua amekamata nini bila kuona. Paka wadogo wana ustadi zaidi hapo: humuuma panya nyuma ya shingo, na chonge likapenya katikati ya pingili mbili za mfupa kama ufunguo kwenye kufuli.

Mimi ustadi huo nilijaribiwa mkononi. Miaka kadhaa nyuma nililetewa kliniki paka dume wa Mji wa Kale, ndani ya kapu la sokoni, mwenye jipu mgongoni. Nilimshika vibaya, kwa haraka zangu. Aliniuma chini ya kidole gumba kisha akaachia, na nilipotazama niliona vitundu viwili tu, vidogo kama vya sindano ya kushonea, hata damu haikutoka ya maana. Nikaosha juu juu nikaendelea na kazi. Usiku ule kidole kilianza kupiga kama ngoma, na asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kifundoni. Jino jembamba, refu, laini, hupeleka uchafu chini kabisa kisha mlango ukajifunga juu yake. Ndiyo maana, mwalimu, mtoto akiumwa na paka au mbwa usihukumu kwa ukubwa wa kidonda. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya usaha na kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho hakina tiba dalili zikishaanza.

Sasa tufike kwenye jino ambalo hakuna mtoto aliyeliona pale Tsavo, nalo ndilo kubwa la siku. Ikiwa chonge ni mkono, kisu kiko wapi? Kiko shavuni.

Nenda Marikiti asubuhi, au popote panapouzwa samaki na nyama, umtazame paka aliyetupiwa kipande chenye mshipa. Kwanza atakishika kwa meno ya mbele. Kisha, na hapa ndipo pa kukodoa macho, atainamisha kichwa upande mmoja, sikio likielekea chini, na kukisukuma kipande hadi pembe ya mdomo. Utasikia mlio mdogo: kwacha, kwacha. Halafu atabadilisha upande. Watu husema paka anatafuna. Hatafuni hata kidogo, anakata. Nyuma mle, kila upande, kuna gego la juu na gego la chini vyenye makali kama ya jembe lililonolewa, na makali hayo hayakutani uso kwa uso, yanapitana ubavu kwa ubavu. Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani. Walikuwa wakizungumzia udugu, lakini kwa elimu ya meno pia walipatia: magego hayo ya mbwa na ya paka hayaumani, yanapishana kama mkasi.

Na kwa nini yakae nyuma, si mbele panapofikika? Muulize fundi cherehani yeyote wa Biashara Street. Leso ataikata kwa ncha ya mkasi akiongea na wewe. Mletee kitambaa kizito cha turubai, utaona anakiingiza ndani kabisa, karibu na msumari unaoshikilia makali mawili. Karibu na msumari ndiko kwenye nguvu. Taya nayo ina msumari wake, pale chini ya sikio. Nawe hufanya hivyohivyo bila kufundishwa: mshikaki huuvuta kutoka kwenye kijiti kwa meno ya mbele, lakini muwa unapokataa kumenyeka unaupeleka pembeni, na uso wako unapinda kama wa yule paka.

Simba ni paka huyohuyo, kwa kipimo kikubwa. Hesabu haikosei: simba ana meno 30 na paka wa nyumbani ana meno 30, kwa mpangilio uleule, jino kwa jino. Mbwa ana 42. Simba akishakata pande la nyama kwa shavu, hulimeza. Hasagi, kwa sababu hawezi. Taya yake imeshikwa kama mlango kwenye bawaba, inafunguka na kufunga tu, haiendi kushoto wala kulia. Kazi ya kulainisha anaiachia tumbo. Anapokaa kwenye mzoga anaweza kumeza zaidi ya kilo 30 kwa mlo mmoja, kisha akalala siku nzima, tabia ambayo baadhi yetu tunaifahamu siku ya Idd.

Yale meno madogo ya mbele, sita juu na sita chini, watu huyapuuza. Hayo ni kibano. Hunyofoa manyoya na kukwangua nyama iliyogandamana na mfupa, yakisaidiwa na ulimi wenye miiba inayotazama nyuma. Umeshalambwa na paka, unaijua ile msasa. Ya simba ni hiyo mara nyingi zaidi. Na nyuma tu ya meno hayo ya juu kuna vijitundu viwili vinavyoelekea kwenye kiungo cha kunusia. Simba dume akinusa mkojo wa jike hukunja mdomo wa juu, meno yote yakatoka nje, akasimama hivyo kama aliyeambiwa mzaha. Watalii hupiga picha wakasema amekasirika. Hajakasirika. Anasoma habari za jike.

Fisi nimpitie haraka, ingawa anastahili barua yake. Yeye ana mkasi na nyundo pamoja: mbele ya magego ya kukatia ana meno manene kama vichwa vya nyundo, na kwa hayo huvunja mfupa ambao simba ameuacha. Ndiyo maana kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Ni mifupa ile.

Twende kwa baba mkwe. Amesema kweli, ila kweli yenyewe ni ndefu kuliko alivyoisema.

Reli ilianza kujengwa kutoka hapa Mombasa mwaka 1896. Ilipofika mto Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, mwaka 1898 simba wawili madume wasio na manyoya shingoni walianza kuwatoa wafanyakazi mahemani usiku. Iliendelea kwa miezi, mpaka kazi ya daraja ikasimama. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia daraja, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huohuo. Ngozi na mafuvu yakauzwa, na tangu miaka ya 1920 yako katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Kwa sababu mafuvu yapo, meno yapo, na meno hayasahau.

Simba wa kwanza alikuwa na chonge la chini, upande wa kulia, limevunjika hadi ule uwazi wa ndani ukawa wazi. Kwenye shina palikuwa na usaha, na baadhi ya meno ya mbele ya upande huo yalikuwa yametoka. Aliyewahi kuumwa na jino usiku wa manane na duka la dawa limefungwa, ajiulize kama angeweza kumkaba pundamilia anayepiga mateke kwa dakika kumi kwa jino hilo. Binadamu ana ngozi nyembamba, hana pembe, hana kwato, na hakimbii. Uchunguzi wa kemia ya mifupa na nywele zao, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mwenye jino bovu ndiye aliyekula watu zaidi kuliko mwenzake, na ukakadiria wote wawili walikula kama watu 35. Patterson mwenyewe baadaye alitaja 135. Hesabu ya mwindaji, unajua tena.

Lakini usiwaachie watoto jino peke yake. Mwenzake naye alikula watu, na meno yake hayakuwa na ugonjwa wa namna ile. Simba wengi wa porini wana chonge lililovunjika na hawajamgusa mtu. Miaka ile ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefagia ng'ombe na nyati sehemu hizi zote, ukame ukafuata, na njia ya misafara iliyopita Tsavo kwa miongo mingi ilikuwa imeacha maiti wengi kando yake bila kuzikwa. Kisha reli ikaleta maelfu ya watu wanaolala kwenye mahema. Jino bovu lilimfanya simba mmoja atafute windo rahisi, na windo rahisi lilikuwa limelala mlangoni pake.

Kuna mambo mawili zaidi kutoka kwenye mafuvu hayo ambayo mimi hunifurahisha. Watafiti walipotazama mikwaruzo midogo sana juu ya meno yao, walikuta hawakuwa wakitafuna mifupa. Meno yalifanana na ya simba wa bustani za wanyama wanaolishwa vyakula laini. Kwa hiyo ile hadithi ya wajenzi kusikia mifupa ikivunjwa gizani inahitaji kupunguzwa chumvi. La pili ni la mwaka 2024. Katika nyufa za meno yaliyovunjika mlikuwa mmebaki nywele zilizoshindiliwa kwa zaidi ya miaka 100. Walizitoa, wakasoma vinasaba vyake, wakakuta twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu. Jino lililomtesa mwenyewe likawa kabati la kumbukumbu.

Sasa swali lako la mwisho, la kuona meno hapa kisiwani na ng'ambo zake bila basi.

Anza na mbuzi. Wiki ya kabla ya Idd ya kuchinja, popote wanapouzwa, utamwona mnunuzi anamshika mbuzi taya akimfunua mdomo wa chini kama anayesoma risiti. Anasoma kweli. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote chini. Juu hana hata moja, ana ufizi mgumu tu. Anapozaliwa na kukua huwa na meno ya utoto, membamba na mafupi. Akifika mwaka mmoja na miezi michache, mawili ya katikati hung'oka na kuota mapana. Mwaka unaofuata manne, kisha sita, na karibu na miaka minne yote manane. Anapozeeka huanza kuachana, kuvunjika na kupotea. Umri gani unafaa kwa kuchinja waulize masheikh, hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni kukwambia kwamba mwenye mbuzi anaweza kusahau tarehe, mdomo wa mbuzi hausahau.

Mimi nikimfungua mbuzi mdomo hupitisha kidole gumba pembeni, pale kwenye pengo refu kati ya meno ya mbele na magego. Hakuna jino hapo, kuna nafasi ya ulimi kupangia majani. Usikipeleke kidole nyuma zaidi. Magego yake yana matuta yenye kingo kali, na kijana wangu mmoja wa kliniki alijifunza hilo akapoteza ukucha. Kisha mtazame akicheua: taya inakwenda upande, inarudi, inakwenda upande, kama jiwe la kusagia mtama. Simba ana bawaba, mbuzi ana kinu. Na cha kuchekesha ni kwamba mbuzi ana meno 32, idadi sawasawa na yako ukiwa mtu mzima. Watoto wahesabu wenyewe.

Meno makubwa kuliko yote ya Mombasa watoto wanapita chini yake kila wakienda mjini. Yale mapembe ya Moi Avenue, yaliyopindana juu ya barabara kama herufi M, ni mfano wa meno. Pembe ya ndovu haihusiani na pembe ya ng'ombe. Ni jino la mbele la juu lililokua likatoka nje, na halikomi kukua. Karibu theluthi yake imefichwa ndani ya fuvu, ndiyo maana mwizi wa pembe hawezi kuitoa yote akamwacha ndovu salama. Huukata uso mzima. Ndovu hulitumia kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, kubandua magome, kuinua magogo na kupigana, na kama sisi na mikono yetu, mmoja hupendelea la kulia na mwingine la kushoto. Linalopendelewa huwa fupi, limeliwa na kazi.

Lakini jino linaloamua ndovu ataishi mpaka lini halionekani. Ni gego, kubwa kama tofali, lenye mistari kama kikwaruzo cha nazi. Anatumia moja tu au moja na nusu kila upande, juu na chini. Likiliwa na majani na mchanga husukumwa mbele, likavunjika vipande vipande, na jingine linafuata kutoka nyuma, kama magari kwenye foleni ya Likoni. Foleni hiyo ina magego sita kila upande, hakuna la saba. La sita likiisha, anapokaribia miaka 60 na kitu, ndovu mzee huenda kwenye vinamasi kutafuta majani laini, na huko ndiko wengi huishia.

Haller Park kule Bamburi kuna kiingilio, lakini ni matatu tu kutoka kwako Kisauni. Utawakuta mamba na kiboko. Watoto wakiona kiboko anaachama, waulize anakula nini, watakwambia watu. Kiboko hula nyasi, usiku, tena huzing'oa kwa midomo. Chonge zake, ambazo zinaweza kufikia nusu mita, ni za kupigania tu. Pale ndipo aliposhushwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra. Urafiki ule ulipendwa dunia nzima, na mimi nilichokiona cha ajabu zaidi ni kwamba mmoja alikuwa akiotesha meno ya nusu mita na mwenzake hana jino hata moja. Kobe hukata kwa kingo ngumu za mdomo.

Mamba ana tabu tofauti: meno mengi ya kushikia, na kisu hana. Yote ni ya mviringo, yenye ncha, na huota upya maisha yake yote, jipya likisubiri chini ya kuukuu. Kwa kuwa hawezi kukata, huuma kisha akajiviringisha majini mpaka kipande kikatike. Nguvu yake ya kufunga mdomo ni ya kutisha, lakini misuli ya kuufungua ni dhaifu hata ukanda wa mpira unatosha kuuzuia. Hilo waambie kwa mdomo tu, wasijaribu.

Mwisho nenda kwa wavuvi. Mwombe muuza samaki akuwekee kichwa cha pono, yule anayesemwa kwa usingizi wake. Ana mdomo kama wa kasuku, na ule mdomo ni meno mengi madogo yaliyoshikamana, kwa safu. Kwa hayo hukwangua miamba ya matumbawe, na kooni ana meno mengine ya kusaga alichokwangua. Mwani anaubakiza tumboni, matumbawe yaliyosagwa anayatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga mnaokimbilia mkienda Nyali imepita humo.

Chemsha kichwa hicho, menya nyama, mdomo uanike juani upeleke darasani. Paka wa shule msimpe mifupa iliyopikwa, itamkwama. Mpeni kipande kinene cha nyama ya ng'ombe chenye mshipa, kisichoweza kumezwa mara moja, na watoto wachuchumae ubavuni mwake, si mbele.

Daktari wa mifugo, Tudor